Kikao cha familia, mtu mmoja au kichwa chako: uamuzi mkubwa uupitishe wapi?

Mnunuzi wa shamba amepatikana, bei inaridhisha, na dalali anataka jibu kabla ya Ijumaa. Shamba lenyewe lilikuwa la marehemu baba, sasa liko mikononi mwako, na ada ya mtoto inadaiwa. Wengi wakifika hapo huanza kujiuliza: niuze au nisiuze? Kuna swali jingine linalolitangulia hilo, na mara nyingi hatulitamki kwa sababu tulilelewa tukiwa na jibu lake tayari: jambo hili ni la nani kuliamua? Aliyekulia nyumba ambayo kila neno zito huitiwa kikao atawapigia simu kaka zake na baba mdogo. Aliyefundishwa kwamba mkubwa hapingwi atakwenda kwa mkubwa. Aliyeondoka kwao mapema akajitegemea mjini huenda akalimaliza jambo lote usiku mmoja, yeye na kikokotoo cha simu.

Lugha yetu yenyewe haikuchagua upande. Tunasema penye wengi hapaharibiki jambo. Tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tunasema pia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali zote tatu ziko hai, na kila mtu huchomoa ile inayomfaa siku hiyo.

Ulinganisho huu ni kwa aliyekwama katikati ya njia hizo: kuita kikao cha familia, kumwendea mtu mmoja anayemheshimu, au kuamua mwenyewe. Hakuna inayofaa siku zote. Ninachokiamini ni kwamba njia unayoamulia ndiyo inayokuchagulia watu watakaosimama nawe baadaye, kwa hiyo ifikirie kabla hujalifikiria jambo lenyewe.

Kwa nini kila mtu huiona njia yake ndiyo akili

Mwaka 1999 wanasaikolojia Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha utafiti uliofanywa San Francisco, Marekani, kwa watoto wa miaka 7 hadi 9. Watoto walipewa mafumbo ya kupanga herufi zilizovurugwa mpaka zitoe neno. Baadhi waliachiwa wachague fumbo wenyewe, wengine walichaguliwa fumbo na mtafiti, na wengine waliambiwa kwamba mama zao ndio waliowachagulia. Watoto wa Kimarekani wenye asili ya Ulaya walifanya vizuri zaidi walipochagua wenyewe. Wale wenye asili ya Asia walifanya vizuri zaidi walipoambiwa kuwa mama amechagua. Kazi ilikuwa ileile na mji uleule. Wa kwanza, mama akichagua, waliona wamenyimwa nafasi yao. Wa pili waliona mama yuko pamoja nao.

Mfano wa karibu nasi ni wa Waorma wa Tana River, Kenya. Mtafiti Jean Ensminger aliwapelekea mchezo wa pesa ambamo kila mchezaji anaamua atoe kiasi gani kwenye mfuko wa pamoja, kisha kilichokusanywa kinaongezwa mara mbili na kugawanywa sawa kwa wote. Kwa hesabu ya mtu mmoja, mwenye faida kubwa ni yule asiyetoa kitu akasubiri mgawo. Waorma walipoelezwa, waliutambua palepale: hii ni harambee. Na harambee kila mtu anajua inavyochangiwa. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mradi wa Joseph Henrich na wenzake uliofika katika jamii ndogo 15 za nchi 12, na matokeo yake ya mwanzo yalitoka mwaka 2001. Wahadza wa Tanzania walikuwemo katika mradi huohuo. Wao, katika mchezo wa kumgawia mwenzako pesa ambaye anaweza kuukubali mgawo au kuukataa, walitoa kidogo, na waliogawiwa kidogo hawakusita kukataa. Kwa hiyo anayekuambia kuwa sisi Waafrika tunaamua hivi na Wazungu wanaamua vile amerahisisha mno. Tana River na Ziwa Eyasi, wanakoishi Wahadza, zote ziko Afrika Mashariki, na watu wa pande hizo mbili walicheza kila mmoja kivyake.

Kinachotuhusu hapa ni hiki: hakuna anayekaa kwenye uamuzi akiwa mtupu. Ukijua ulilelewa kwa njia ipi, utaweza kuichagua kwa makusudi, au kuiweka kando kwa makusudi.

Maswali matano ya kupimia

Njia zote tatu nitazipitisha kwenye maswali yaleyale. Matokeo yatamwangukia nani? Ujuzi wa jambo uko kwa nani? Itakula muda na pesa kiasi gani? Nani hatasikika? Na mambo yakiharibika, nani atabaki upande wako?

Swali la kwanza nalipa uzito kuliko mengine, na lina mtego wake. Matokeo ya pesa hugawanyika. Matokeo ya mwili hayagawanyiki. Binti akienda Uarabuni kufanya kazi za ndani, mshahara wake utasomesha wadogo zake na kuezeka nyumba ya mama. Kukosa usingizi, kushikiliwa pasipoti na kuugua ugenini kutabaki kwake peke yake. Unapouliza nani anaguswa, uliza mara mbili: mara moja kwa pesa, mara ya pili kwa mwili.

Njia ya kwanza: kikao cha familia

*Matokeo.* Hapa ndipo kikao kinapostahili heshima yake yote. Ardhi ya ukoo ina watu wengi ndani yake kuliko majina yaliyo kwenye karatasi. Kihamba cha Kilimanjaro, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kina kahawa na migomba, na kina makaburi pia. Kwa desturi ya Wachaga nyumba ya wazazi humfikia mtoto wa mwisho wa kiume, na wa kwanza hupata sehemu yake mapema, ila Desemba wote hupanda mlimani, pamoja na wale waliotoka zamani wakafungua maduka Arusha au Dar es Salaam. Anayeuza kihamba ameuza na mahali pa kurudi pa watu ambao hawakupokea hata senti. Jambo la namna hiyo likiamuliwa na mtu mmoja huwa limeamuliwa nusu.

*Ujuzi.* Kikao kizuri hukusanya habari ambazo hakuna mtu mmoja anazo zote. Nakumbuka kimoja cha mirathi. Viti vya plastiki chini ya mparachichi, baba mkubwa amefungua kwa sala, kijana anaandika muhtasari kwenye kaunta buku, na ndugu aliyeko Mwanza yuko hewani, simu imewekwa spika na kuegemezwa kwenye kikombe. Wanaume walibishana kwa muda mrefu juu ya mpaka wa upande wa mfereji. Shangazi, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni mwa jiko, akasema bila kuinua uso kwamba masale yale, mimea ya kuonyesha mpaka, aliyapanda yeye na mama yake, akalitaja jina la jirani aliyewashikia kamba. Ubishi ukaisha hapohapo. Habari ile haikuwa kwenye hati yoyote.

*Nani hatasikika.* Sasa tazama shangazi alikuwa amekaa wapi. Hakuitwa kwenye viti. Angekuwa ametumwa sokoni asubuhi ile, mpaka ungeandikwa vingine. Vikao vingi vina mduara wa nje: wake wa nyumba ile, mabinti walioolewa, vijana wasio na kazi, na yule ndugu ambaye hajachanga siku nyingi hivyo anaona aibu kunyoosha mkono. Udhaifu huu ni mkubwa, na umewahi kufika mahakamani.

Kagera, wilaya ya Muleba, mwanamke mmoja alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza, mwaka 1988 aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake alifungua kesi akidai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi mpwa, Mahakama ya Wilaya ikamrudishia mwanamke, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua, katika shauri linalojulikana kama Ephrahim dhidi ya Pastory, kwamba mila ile inabagua na inapingana na haki za msingi zilizo kwenye Katiba. Wengi hukomea hapo wanapoisimulia. Sehemu ya pili ya hukumu ndiyo inayonigusa zaidi: jaji aliuacha ukoo na nafasi ya kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi pesa yake, ndani ya miezi sita. Haki ya mwanamke kuamua ilisimama, na haki ya ukoo kujali haikufutwa. Ukoo ukitaka ardhi ibaki, ulipie.

*Muda na gharama.* Nauli, chakula, siku za ruhusa kazini, na kusubiri hadi wote wapatikane. Kwa kawaida hilo hutokea Desemba, sikukuu ya Idi au kwenye msiba, na kikao cha mali kinachofanywa msibani hupotoshwa na machungu. Kisifanywe kabla ya arobaini bila sababu ya lazima.

*Mambo yakiharibika.* "Tuliamua wote" ni neno lenye nguvu. Mnunuzi akitapeli, watu waliokuwa kwenye kikao watachanga wakili, kwa kuwa kosa ni la kwao pia. Upande wa pili, uamuzi wa wote unaweza kukosa mwenyewe wa kuufuatilia: kila mtu akarudi kwake, na hakuna aliyekwenda ofisi ya ardhi.

Kikao kinamfaa mwenye jambo linalogusa mali ya pamoja, mazishi, mirathi, matunzo ya wazazi wazee, au gharama ambayo hataweza kuibeba bila ndugu. Hakimfai mwenye jambo la siri, la dharura, au la mwili wake mwenyewe.

Njia ya pili: mtu mmoja unayemwendea

Huyu anaweza kuwa mzee wa ukoo, shekhe, mchungaji, padri, mwalimu wako wa zamani, au wasimamizi wa ndoa yenu, wale waliosimama nanyi siku ya harusi na ambao kwa heshima yao mnaweza kuwagongea mlango usiku. Pwani, kazi ya mshenga haikuishia kwenye posa. Nyumba nyingi humrudia maneno yakizidi.

*Matokeo.* Kwa kawaida mshauri hapati wala hakosi kitu, na hapo ndipo penye thamani yake. Kaka yako anajua kwamba ukiuza atakosa mahali pa kulima. Mama anajua kwamba ukihama atabaki peke yake. Maneno yao ni ya kweli, ila yamebeba haja zao. Mzee wa mtaa wa pili hana haja yoyote kwenye jambo lako. Hakikisha tu kwamba kweli hana: asiwe ndiye anayekudai, wala asiwe jamaa wa mnunuzi.

*Ujuzi.* Mshauri wa aina hii anajua watu. Ameziona ndoa nyingi zikivunjika na nyingi zikipona, anajua hasira ya mwezi wa kwanza inavyoshuka mwezi wa tatu. Lakini mchungaji anayeijua ndoa yako vizuri huenda hajui kusoma mkataba wa mkopo, na babu anayejua historia ya mipaka yote ya kijiji hajui soko la ajira la kozi anayotaka kusoma mjukuu. Tunakosea tunapomhamishia mtu heshima yake kutoka jambo analolijua kwenda asilolijua. Kwa mkopo, mtafute anayejua mikopo.

Kwa Waislamu kuna jambo la kuongeza. Istikhara ni rakaa mbili za sunna na dua ya kumwomba Mwenyezi Mungu alifanye jambo kuwa jepesi ikiwa lina heri, na aliepushe ikiwa lina shari. Watu wengi huswali kisha wakasubiri ndoto, na isipokuja wanabaki wamesimama palepale. Ndoto si sharti. Anayeswali istikhara huendelea na shughuli yake, akauliza wajuzi, akaangalia njia inafunguka au inafungwa. Kushauriana kwenyewe kumepewa uzito katika Qurani kiasi kwamba Sura ya 42 inaitwa Ash-Shura, mashauriano. Istikhara na ushauri huenda pamoja, na mwenye kuvitenganisha amejinyima kimoja.

*Muda na gharama.* Jioni moja, na adabu ya kwenda na sukari au majani ya chai. Njia nyepesi kuliko kikao kwa mbali.

*Nani hatasikika.* Hatari iko kwenye uchaguzi wa mtu. Binadamu humwendea yule ambaye jibu lake analijua. Anayetaka kuacha mume humtafuta aliyeacha, na anayetaka kuvumilia humtafuta aliyevumilia. Na mshauri anasikia upande mmoja tu, kwa kinywa chako. Mzee mwema atakuambia umlete na mwenzako. Asipokuambia, jitolee mwenyewe kumleta.

*Mambo yakiharibika.* Hatabeba hasara nawe, lakini atasikiliza, na mara nyingi ndiye atakayeweza kukurudisha mezani na ndugu mliogombana. Sheria inaijua nguvu hiyo. Tanzania, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, mgogoro wa ndoa kwa kawaida hupita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla mahakama haijapokea ombi la talaka.

Njia hii inamfaa mwenye jambo la ndoa, la imani, la ugomvi na ndugu, au la aibu ambalo likifika kikaoni litakuwa la mtaa mzima kufikia jioni. Inamfaa pia aliye mbali na kwao: Mtanzania aliyeko Muscat au Mkongo aliyeko Brussels, ambaye kikao chake kimetawanyika nchi tatu lakini ana shekhe, mchungaji au mkubwa mmoja wa jumuiya anayemjua.

Njia ya tatu: kuamua mwenyewe

Niseme wazi kabla ya maswali matano: kuamua mwenyewe si ubinafsi. Fundi cherehani wa Kariakoo anayetuma pesa kwao kila mwezi huamua mwenyewe atumie ngapi, na ndani ya hesabu yake wamo mama, dada mjamzito na mdogo wake aliye kidato cha tatu. Hakuwaita kikao kwa sababu amewabeba tayari moyoni. Kuna walioita kikao pia wakasema yale waliyotaka kusema, wakanywa chai, wakaondoka bila kumjali mtu. Idadi ya watu waliokaa haipimi upendo.

*Matokeo.* Yakikuangukia wewe kwa sehemu kubwa, uamuzi ni wako. Kozi ya chuo ni mfano ulio wazi. Ada inaweza kulipwa na baba, lakini miaka ya kuamka na kwenda kuifanya kazi ile ni ya mtoto. Nimeona vijana wakisukumwa kwenye udaktari na sheria kwa sababu ukoo haujawahi kupata daktari au wakili. Ni tamaa njema. Inakuwa mzigo pale kijana anapokosa hata nafasi ya kusema kwamba damu inamtia kizunguzungu.

*Ujuzi.* Kuna mambo ambayo wewe peke yako ndiye unayeyajua: maumivu yako, hofu yako, unavyojisikia mtu fulani akiingia chumbani. Mchumba aliyesifiwa na familia nzima anaweza kuwa amekutisha mara moja kwa namna ambayo hujaweza kuieleza. Hiyo ni habari kamili, na haihitaji kura. Ila kwenye mambo ya mikataba na viwanja, kichwa kimoja hupotea kirahisi, hasa kikiwa na haraka ya dalali.

*Muda na gharama.* Hakuna iliyo ya haraka kuliko hii. Nafasi ya kazi inayofungwa kesho, au daktari anaposema upasuaji usicheleweshwe, haisubiri nauli ya baba mdogo.

*Nani hatasikika.* Atakayeshtukizwa. Na aliye karibu zaidi kushtukizwa ni mke au mume. Sheria zetu zimeweka mpaka hapa. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inadai ridhaa vilevile, na ardhi ya kilimo iliyo chini ya udhibiti haiuziki bila kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, kinachoombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanyike. Kwa hiyo "mwenyewe" ya mtu aliyeoa au kuolewa, linapokuja suala la nyumba, ni ya watu wawili. Hilo halina mjadala wa utamaduni.

*Mambo yakiharibika.* Utaambiwa ulijitia mjuaji. Wengine watakusaidia hivyohivyo, ila baada ya kukusema. Faida yake ni kwamba uamuzi una mwenyewe: unajua nani wa kuamka asubuhi kuurekebisha, na funzo linabaki kwa mtu badala ya kupotea katikati ya kundi.

Inamfaa mwenye jambo la mwili wake, kazi yake, masomo yake, pesa aliyoichuma na ambayo akiipoteza hatamgongea mtu mlango. Inamfaa pia aliyezungukwa na familia yenye historia ya kumdhuru. Huyo asilaumiwe kwa kutoita kikao.

Panapochanganyika

Kwenye maisha halisi wachache wetu hutumia njia moja tupu, na sioni ubaya wowote. Kinachoharibu ni kuamua kwa njia moja na kudai haki za njia nyingine. Kijana anauza kiwanja cha urithi kimya kimya, biashara inakufa, kisha anaitisha kikao ili ndugu wamlipie deni. Anataka uhuru wa aliyeamua peke yake na kinga ya aliyeamua na wenzake. Kwa upande wa pili, kuna familia inayomlazimisha binti kuchukua kazi ya mbali kwa kauli moja, na akirudi amevunjika anaambiwa si ulikubali mwenyewe. Wazee wa aina hiyo walitaka mamlaka ya kikao bila wajibu wake.

Kuna pia kikao cha muhuri. Uamuzi umeshafanyika, malipo ya awali yameshapokelewa, ndugu wanaitwa ili wabariki. Watu hugundua, na kikao kijacho hawatakuja, hata siku utakapokuwa unawahitaji kweli. Kama umeamua, usiwaite kushauriana. Waite uwape taarifa, na useme wazi kuwa ni taarifa. Wengine wataumia, lakini watajua wamesimama wapi na wewe.

Mpangilio ninaoupenda kwa mambo ya ardhi ni huu: kwanza fanya hesabu zako mwenyewe ukazijua kwa kichwa, kisha mwone mtu mmoja asiye na haja kwenye mali ile, ndipo uende kikaoni. Ukifika ukiwa na namba za kweli, bei ya soko na nakala ya karatasi, mazungumzo hukaa kwenye jambo na hayageuki kuwa nani ana kiburi.

Kwa hali yako

Ukiuza ardhi ya urithi, ita kikao, na kabla ya kukiita pita jikoni na kwa mabinti walioolewa uwaombe wakae kwenye viti. Andikeni muhtasari, kila mmoja aweke sahihi au dole gumba. Tanzania, kwa desturi, mahakama ya mwanzo huletewa muhtasari wa kikao cha ukoo pale familia inapopendekeza msimamizi wa mirathi, kwa hiyo kaunta buku lile si la kupoteza. Kama ukoo unakukataza kuuza na wewe una shida ya kweli, waulize kama wako tayari kulinunua wao, kwa bei gani, na lini.

Ukiuza kiwanja ulichonunua kwa pesa yako na hakina nyumba ya ndoa juu yake, amua. Mweleze mwenzi wako kabla ya dalali. Ndugu wengine wanaweza kusikia baadaye.

Ukichagua kozi au kazi, amua mwenyewe, lakini umsikilize kwa makini anayelipa ada, na umtafute mtu mmoja anayeifanya kazi ile sasa hivi. Mzazi anayesoma haya namwomba aulize swali moja kabla ya kutoa amri: nani ataamka asubuhi kwenda huko?

Kwenye uchumba, familia ichunguze yale inayoyaweza: tabia ya mtu kwao, madeni, kama ana mke au watoto asiowasema. Kazi hiyo wanaifanya vizuri kuliko wewe uliyependa. Neno la mwisho la ndiyo au hapana libaki kwa atakayelala nyumba ile, na hapana yake isidaiwe sababu.

Ndoa ikiwa na ugomvi usio wa kipigo, nendeni wote wawili kwa mtu mmoja. Ikiwa kuna kipigo, usisubiri kikao wala msuluhishi. Ondoka kwanza uwe mahali salama, mashauri yatakukuta huko.

Mgonjwa mtu mzima mwenye fahamu ndiye anayesaini fomu ya ridhaa ya upasuaji. Familia imsaidie kuelewa, imshike mkono, itafute pesa. Ikiwa hali inaruhusu kusubiri siku mbili, kumwita ndugu anayejua mambo ya hospitali ni busara. Daktari akisema haisubiri, saini.

Na kwenda Uarabuni kikazi: uamuzi wa kwenda uwe wa anayekwenda, uchunguzi wa safari uwe wa familia nzima. Wakala ahakikiwe kwa Wakala wa Huduma za Ajira kama mko Tanzania, au Mamlaka ya Taifa ya Ajira kama mko Kenya. Chini ya mfumo wa kafala ulioenea nchi za Ghuba, ukaazi wa mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri wake, kwa hiyo jina la mwajiri na anwani ya nyumba vijulikane kabla ya tiketi. Kikao kiamue mambo matatu na kuyaandika: mshahara utagawanywaje, akiba yake mwenyewe itakaa kwenye akaunti ya nani, na akitaka kurudi kabla ya mkataba kuisha nani atalipa nauli. Nakala ya pasipoti, ya mkataba na namba za ubalozi zibaki kwa ndugu wawili, mmoja wao akiwa mtu anayepokea simu usiku.